Bibi Aliyerudishwa Nyumbani

Halina Wrona alikuwa ndani ya chumba cha mahojiano tangu asubuhi, na hakuna aliyemwashia hita. Agizo lilikuwa la Inspekta Kuramochi mwenyewe. Aliamini kwamba mtu anayetetemeka hapati nafasi ya kutunga uongo mzuri, na kazi yake ya miaka mingi haikuwa imempa sababu ya kubadili imani hiyo. Yeye alikuwa amevaa koti.

"Tuanze upya," alisema. "Jumamosi."

"Nimeshasema."

"Sema tena. Mimi sijachoka."

Mwanamke alisema tena. Kijapani chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini maelezo hayakubadilika. Jumamosi alasiri alikuwa akishuka kutoka hekalu la miungu la Inokuma kwenda kwenye bustani iliyo chini yake. Kando ya bwawa alimkuta Bibi Tsuneko ameketi peke yake kwenye benchi, hana koti, miguuni ana slipa za ndani ya nyumba. Alimvisha skafu yake, wakala chenza moja kwa kugawana, kisha akamshika mkono wakatembea polepole hadi nyumbani kwa bibi. Mlangoni, mtoto wa bibi, Kazuhisa Yabuuchi, alimpokea mama yake, akainama sana, akashukuru. Kofia ya sufu ya bibi ilisahaulika ndani ya begi la Halina. Hayo tu.

"Kazuhisa anasema hukumrudisha."

"Anadanganya."

"Yule ni mwenyekiti wa waumini wa Inokuma. Baba yake alikuwa mwenyekiti, na babu yake pia. Wewe ni nani?"

Sajini Odagiri, aliyekuwa ameegemea mlango huku mikono ameikunja, alisema kwamba labda huko kwao vikongwe wanatembezwa kama mbwa, yeyote anayetaka anashika kamba. Hapa wana wenyewe.

"Wenyewe walikuwa wapi?" Halina aliuliza.

Odagiri alitabasamu. Kuramochi hakutabasamu. Alifunga jalada, akatoka.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumapili adhuhuri mzee mmoja aliyekwenda kulisha samaki alimkuta Bibi Tsuneko akielea kifudifudi bwawani. Daktari alisema amekufa usiku wa kuamkia siku hiyo, na mabegani ana alama za vidole. Mji wa Minase ni mdogo, na kabla polisi hawajafungua kamba zao majirani walikuwa wamekwishampata muuaji. Nani mwingine kama si yule mgeni Mpolandi, anayefundisha lugha karibu na stesheni, ambaye siku za mapumziko huzunguka kwenye mahekalu na bustani akipiga picha mawe ambayo hata makuhani wameyasahau? Kila mtu alimwona Jumamosi akimkokota bibi wa watu. Kofia ya marehemu ilikutwa kwenye begi lake. Mkuu wa kituo alitaka jalada liende kwa mwendesha mashtaka jioni hiyo, na Kuramochi aliwajua waliopelekwa huko kutoka kwenye meza yake. Hawakurudi.

Kitu kimoja tu kilimkera, nacho kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni kwenye stoo ya vielelezo. Soksi. Bibi alikutwa miguuni ana soksi tu, bila slipa, na nyayo zake zilikuwa nyeupe. Ijumaa mvua ilinyesha, na njia zote za kwenda bwawani zilikuwa tope.

"Alibebwa," Kuramochi alisema.

Odagiri alisema mgeni ana mabega mapana, angeweza.

"Kutoka wapi? Ana baiskeli yule. Unambebaje maiti au kikongwe kwenye baiskeli kupita nyumba zote zile, na wewe una nywele za rangi ya mahindi?"

"Basi afande unamtaka nani?"

"Simtaki mtu. Nataka tope."

Walikwenda kwa Mama Nagumo, makamu mwenyekiti wa waumini, ambaye nyumba yake inatazamana na lango la hekalu na ambaye haijawahi kutokea kitu pale asikione. Walimkuta uani akining'iniza figili kwenye fito zikauke kwa ajili ya achari. Aliendelea kufunga kamba huku akiongea.

Alisema mgeni alikuwa na tabia ya kumfuatafuata marehemu. Alisema marehemu, Mungu amstiri, enzi zake alikuwa mwanamke wa majivuno, aliyeweza kurudisha bakuli la supu jikoni kwa jirani akisema imekosa chumvi, na mwisho wake ndio huo, kunya sebuleni na kuita kabati kwa jina la mumewe. Kazuhisa amevumilia. Mkewe hakuvumilia, alirudi kwao tangu mwaka juzi.

"Hata asubuhi ile ya Jumapili, mama yake kumbe yuko majini, yeye yuko na sisi kwenye usafi wa hekalu," alisema. "Mgongo unamuuma na bado amekuja. Alifagia barabara yote ya nje peke yake. Chai tulikunywa ndani uani, yeye nikampelekea nje. Magunia ya majani makavu kayapakia mwenyewe kwenye kigari chake. Mtoto kama huyo unampata wapi siku hizi?"

Kuramochi aliuliza kama usafi ulimalizika kwa sala.

Mama Nagumo alinyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza mikono yake iliacha figili. Ndiyo, kulikuwa na sala. Na mwaka huu tawi bichi, ambalo mwenyekiti ndiye huliweka mbele ya miungu, aliliweka yeye. Mwanamke, kwa mara ya kwanza pale Inokuma. Kazuhisa alimwomba mwenyewe, alisema ni wakati wa kina mama nao kuheshimiwa.

"Hongera," Kuramochi alisema, akamtazama Odagiri waondoke. Alikuwa hajafikiri lolote bado. Aliona tu kwamba mtu asiyeweza kuinama mbele ya miungu aliweza kuinua magunia.

Waliporudi kituoni aliwasha hita kwa mkono wake na kumwekea Halina kikombe cha chai. Mwanamke alikishika kwa mikono miwili bila kunywa.

"Jumamosi haikuwa mara ya kwanza," Kuramochi alisema.

Haikuwa. Mwezi uliopita alimkuta bibi kwenye hekalu la Buddha la Ryuon, juu kabisa mlimani, ameketi barazani jua likizama. Baadaye tena alimkuta kwenye bustani ya ngome ya zamani, ng'ambo ya mto. Kila mara hana koti. Kila mara slipa. Kila mara alimrudisha nyumbani, na kila mara Kazuhisa aliinama na kumpa mfuko wa machenza.

Kuramochi alizijua ngazi za Ryuon. Yeye mwenyewe hupumzika njiani mara mbili, na magoti yake bado ni ya mtu mwenye kazi.

"Ngazi zile alizipandaje?"

"Sijui. Nilishangaa. Slipa zilikuwa safi. Nilidhani amezipangusa, watu wa hapa mnapenda usafi."

Odagiri aliacha kuegemea mlango. Nyuma ya Ryuon kuna barabara ya magari, inayotumiwa na wachimba makaburi na karibu hakuna mwingine.

"Na Jumapili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hekaluni. Nilikwenda kurudisha kofia."

"Hukuirudisha."

Halina alitazama chai. Alieleza kwamba alimkuta Kazuhisa barabarani nje ya lango, na ufagio. Nyuma ya ukumbi wa hekalu kuna mbweha wa jiwe, wa kale, amekatika sikio, na Kazuhisa siku nyingi alikuwa amemwahidi kumweleza habari zake. Hupenda sana kueleza. Mara nyingine husimama naye mpaka miguu inauma. Basi akamwomba. Kazuhisa akanyoosha kidole tu, kule, kule nyuma. Halina akasimama chini ya lango, akamshika mkono wa koti kwa utani, akamwambia njoo, bwana mwenyekiti, mimi peke yangu sielewi kitu.

"Akarudi nyuma," alisema. "Haraka, kama lango lina moto. Nilidhani amenikasirikia kwa kumshika. Niliona aibu, nikasahau kofia."

Halina alimtazama Kuramochi, kisha Odagiri, akijua amesema kitu na hajui ni kipi.

Mtoto wa shule pale Minase angekijua. Mtu aliyefiwa hapiti chini ya lango la hekalu la miungu. Kifo ni uchafu, na mwenye nao hubaki nje mpaka siku za msiba ziishe. Kwa Buddha anaingia, kwa miungu haingii. Wapo vijana siku hizi wanaosahau, lakini si mwenyekiti wa waumini, mwana wa mwenyekiti na mjukuu wa mwenyekiti.

"Asubuhi," Odagiri alisema taratibu. "Maiti ilikuwa haijaonekana bado."

"Hapana."

"Mwenyewe kaandikisha kwamba hakujua hata kama mama yake alitoka Jumamosi, alidhani kalala chumbani."

Kuramochi alikuwa amekwishasimama. Alimwambia askari wa zamu amletee mwanamke huyo chakula, na asimruhusu kuondoka.

Nyumba ya Yabuuchi ilinuka ubani na wali. Wanawake wa mtaa walikuwa jikoni wakiwapikia waombolezaji. Sebuleni picha ya bibi iliwekwa kati ya maua meupe, na juu ukutani kibweta cha miungu ya nyumbani kilikuwa kimefunikwa karatasi nyeupe, kama ipasavyo nyumba yenye msiba. Karatasi ilibandikwa kwa pembe sawasawa, bila hata kikunjo. Kazuhisa alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, safi, nywele zimechanwa kwa maji. Aliinama, wakaketi.

Kuramochi alitoa pole. Alisema kazi inakaribia kwisha, mgeni atapelekwa kwa mwendesha mashtaka jioni, na kwamba anaona haya kumsumbua mfiwa kwa jambo dogo. Kazuhisa alisema hakuna usumbufu.

"Ni ile Jumapili asubuhi, mzee. Huyo mwanamke anasema ulimwingiza hekaluni. Mlipita langoni pamoja, mkaenda nyuma ya ukumbi kumwona mbweha."

"Si kweli."

"Si jambo zito. Nataka tu mwenendo wake wa asubuhi ukae sawa kwenye karatasi. Naandika mliingia."

"Nimekwambia sikuingia."

"Siku yenyewe ilikuwa na mambo mengi. Mtu husahau." Kuramochi aliinamia karatasi, kalamu ikaanza kutembea. "Mwenyekiti Yabuuchi aliingia kupitia lango kuu, akafika mpaka ukumbini..."

Kazuhisa aliushika mkono wenye kalamu. Vidole vyake vilikuwa na nguvu.

"Usiandike hivyo. Kuhani atasoma, watu watasoma. Ukoo wetu umelinda pale tangu babu. Unadhani mimi ni mtu wa kupita chini ya lango lile na uchafu wa..."

Aliishia hapo. Jikoni mwanamke mmoja alicheka kitu, wenzake wakamnyamazisha.

"Uchafu wa nini, mzee?" Kuramochi aliuliza.

Kazuhisa aliachia mkono.

"Ilikuwa asubuhi. Mama yako alikuwa chumbani, amelala. Ndivyo ulivyoandikisha. Uchafu wa nini?"

"Mgongo," Kazuhisa alisema. "Mgongo ulikuwa unauma."

"Ule uliopakia magunia?" Odagiri aliuliza.

Kazuhisa alitazama karatasi nyeupe pale ukutani. Kisha aliomba mlango wa jikoni ufungwe. Odagiri aliufunga. Kazuhisa alipoanza kusema alisema kwa mpangilio, kama mtu anayetoa taarifa ya mwaka kwenye mkutano wa mtaa.

Mara ya kwanza alimpeleka mama yake Ryuon kwa gari, kwa barabara ya nyuma, akamketisha barazani na kumwambia amsubiri. Alirudi nyumbani, akapika, akala. Alikuwa anaosha chombo chake cha mwisho mlango ulipogongwa. Mara ya pili alichagua ng'ambo ya mto, mahali ambapo hapiti mtu baridi ikianza. Mlango ukagongwa tena. Jumamosi alikuwa amekata tamaa hata ya kwenda mbali, akamwacha pale bustanini, karibu, akitumaini kwamba bwawa litafanya lenyewe. Mama akarudishwa kabla jua halijazama.

"Nilitaka baridi imchukue," alisema. "Baridi haina ukatili, Inspekta. Mtu husinzia. Wazee wetu waliwapandisha mama zao waliozeeka mlimani na kuwaacha huko, na hakuna aliyeitwa muuaji. Lakini yule mwanamke! Anatafuta mawe, anamwokota mama yangu. Anagonga, anacheka, kamshika mkono kama kaniletea zawadi. Nami nainama, nampa machenza. Mtu mwingine angefanya nini? Yeye ndiye aliyenilazimisha kutumia mikono."

Kuramochi aliandika hilo neno kwa neno.

"Ulimbeba kutoka kwenye gari?" Odagiri aliuliza.

"Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi."

"Alisema chochote?"

"Pale ukingoni." Kazuhisa alilainisha suruali kwenye goti. "Aliniuliza kama yule mgeni anakuja."

Aliomba ruhusa ya kubadili shati kabla hawajatoka, kwa kuwa barabarani kuna watu. Kuramochi alimnyima. Walimpitisha katikati ya wanawake waliobeba sinia za wali, naye akaendelea kuinama kwa kila mmoja mpaka Odagiri akamkandamiza kichwa kumwingiza garini.

Halina aliachiwa jioni ileile. Hakuna aliyemwomba radhi. Hakukuwa na fomu ya jambo hilo. Kofia haikurudishwa kwa sababu ilikuwa kielelezo. Alipewa begi lake na kuambiwa aweke saini, lakini hakuweka. Alisema anataka kwanza kusikia alichosema Kazuhisa, kwa kuwa ametajwa.

Odagiri alisema si lazima. Kuramochi alifungua karatasi, akasoma yote, kwa Kijapani chepesi ili lisimpotee neno. Hakuruka ile habari ya machenza. Hakuruka ya mikono, wala ile ya ukingoni.

Halina alisikiliza amesimama.

"Kama nisingemrudisha," alisema.

"Angekufa mwezi uliopita. Kule Ryuon."

"Amelala."

"Pengine."

"Hangeogopa."

"Hilo sikuwepo kulijua," Kuramochi alisema. "Weka saini hapa."

Aliweka. Mlangoni aligeuka, akauliza kwa nini Kazuhisa alirudi nyuma pale langoni, kwani mpaka sasa hakuna aliyemwambia. Kuramochi alimweleza kwa maneno machache. Aliuliza inakuwa hivyo kwa muda gani. Mpaka msiba uishe, Kuramochi alijibu, na kwa waliofiwa na mama huchukua muda mrefu.

Siku ya kuwaleta watoto hekaluni kubarikiwa ilipofika, Inokuma ilijaa. Wazazi walileta wadogo wao wamevaa hariri ya rangi, wengine wanalia kwa sababu ya viatu, wapiga picha wanawapanga chini ya lango. Kuramochi na Odagiri walisimama barabarani kuongoza magari, kwa kuwa Minase haina polisi wa kutosha. Mama Nagumo, mwenyekiti mpya, alikuwa amevaa kimono cha zambarau na kumpokea kila mtu kana kwamba nyumba ni yake.

Halina alikuja kwa miguu, na mfuko mdogo wa machenza mkononi. Watu walimpisha zaidi ya ilivyohitajika. Alifika langoni, akasimama hatua moja kabla ya kivuli cha lango, akainamisha kichwa. Kisha akageuka, akashika njia ya pembeni, ile ya tope inayozunguka ua wa hekalu kwa nje na kuteremka mpaka bwawani.

Mama Nagumo alimfuata kwa macho.

"Mwone," aliwaambia wenzake, nao wakacheka kwa viganja midomoni. "Miaka yote anazungukia mahekalu yetu, na bado hajajua mtu anapita wapi."

Odagiri alifungua mdomo. Kuramochi alimwahi.

"Ana msiba," alisema.

Mama Nagumo aligeuka upesi, na uso wake ukajaa huruma ya kweli.

"Maskini. Kafiwa na nani?"